Tulivyopigiwa Kelele Njia Nzima ya Ikinga

Kabla hajapanda gari kurudi kwao, Atupele aliniambia maneno machache: "Nyumbani watakupokea kwa ukali, Elia. Wewe vumilia tu." Mtu mwingine angelala. Mimi nilikaa macho usiku baada ya usiku nikiyageuza maneno hayo. Ukali wa namna gani? Wa mdomo au wa fimbo? Nilifika mahali nikajiuliza kama alikuwa ananiandaa au ananifukuza kwa upole, ili nikiogopa, lawama ziwe zangu.

Nilikuwa nimemaliza chuo na kupata ukarani kwa wakala mmoja wa forodha pale Tunduma, kazi ya kufuatilia makaratasi ya malori yanayovuka kwenda Zambia. Atupele alikuwa fundi cherehani. Tulijuana kwenye kwaya. Kisha mama yake akaugua, naye akarudi kijijini, Ikinga, kule juu milimani Ileje. Wakati huohuo bosi wangu akaniambia kuna nafasi katika ofisi ya Dar es Salaam, na alitaka jibu kabla mwezi haujaisha. Nilitaka kwenda Dar nikiwa na mke, na nilitaka mke huyo awe Atupele. Kilichobaki ni kwenda kumwomba kwao, na hapo ndipo usingizi uliponiishia.

Baba yangu alikwishafariki, na baba mdogo, anayeishi Nakonde upande wa pili wa mpaka, alikuwa mgonjwa asiyeweza safari. Mshenga wangu akawa jirani yetu Baba Zaina, mtu wa Kondoa aliyekuja Tunduma kusafirisha mahindi biashara ilipofunguliwa kwa kila mtu, akabaki. Mama alimchagua kwa kuwa alikuwa na uwezo wa kuongea mpaka trafiki akasahau kosa alilomsimamishia.

"Kazi yako wewe ni kunyamaza," aliniambia. "Ukifungua mdomo, umeharibu."

"Na wakiniuliza?"

"Hawatakuuliza. Kwani ng'ombe huulizwa sokoni?"

Tunduma tuliondoka asubuhi, mwishoni mwa kiangazi, vumbi likiwa limeshaamka kabla ya watu. Tulisubiri pikapu ya Baba Zaina ijazwe mafuta karibu na maegesho ya malori. Juu ya paa la ghala kulikuwa na kunguru wawili wenye vifua vyeupe. Mwewe alipita juu yao, hata hakuwa akishuka, anapita zake tu. Wakamwinukia wote wawili, mmoja juu mmoja chini, wakamsindikiza kwa kelele mpaka ng'ambo ya barabara, kisha wakarudi paani kama walinzi waliomaliza zamu. Dereva mmoja wa Zambia aliyekuwa akipiga mswaki kando ya lori lake alicheka, akamwita Baba Zaina bwana kwa Kibemba.

"Mukwai, hata huyo kumbe hana paspoti!"

Baba Zaina naye alicheka. Mimi nilimwonea huruma mwewe. Nilijiona mimi ndiye mwewe.

Tulipofika kituo cha Mpemba tuliiacha lami, tukaingia barabara ya vumbi inayoelekea Isongole. Hatukuwa tumekwenda mbali sana gurudumu la nyuma likapata pancha. Baba Zaina aliingia chini ya gari na jeki, nami nikasogea kwenye uwanda wa malisho uliokuwa umeliwa na ng'ombe mpaka ukabaki udongo mtupu, nitafute pa kujisaidia.

Ndege alitokea sijui wapi. Alikuwa na miguu mirefu myembamba na mabawa yenye nyeupe na nyeusi. Jina lake sikulijua na mpaka leo silijui. Alinijia usoni akipiga kelele kali, akanipita karibu na sikio, akageuka, akanijia tena. Mwenzake akainuka kutoka upande mwingine. Nilijikinga kwa mikono nikarudi nyuma, kelele zikaongezeka. Nikakimbilia kushoto, zikapungua. Nikadhani nimekosea mwelekeo, nikarudi kulia, na hapo wakanishukia kama waliotumwa.

"Baba Zaina!" nilipiga kelele.

Baba Zaina alikuwa ameshaingia ndani ya gari na kupandisha kioo. Alifungua kidogo, kama upana wa kidole, akasema, "Pambana, mwanangu! Wewe ndiye bwana harusi!"

Nilisimama kwa kukosa la kufanya. Nikatazama chini. Karibu kabisa na kiatu changu kulikuwa na mayai, yamekaa juu ya udongo bila hata jani, yana madoa yanayofanana na vijiwe vya pale. Hatua moja zaidi ningeyakanyaga. Nilinyanyua mguu polepole na kwenda ule upande ambao kelele zilikuwa zikipungua. Nilipofika kwenye kichuguu fulani, ndege wakaacha. Hawakunifuata. Walisimama wakinitazama, kisha wakaanza kudonoa ardhi kana kwamba sikuwa nimewahi kuwapo.

Hilo ndilo lililonishangaza kuliko mashambulizi yenyewe. Mimi, mtu akininunia asubuhi ofisini, hufikiria jioni nzima ni kitu gani ndani yangu amekichukia. Ndege wale hawakuwa na habari na mambo ya ndani yangu. Hawakujua kama nimesoma au sikusoma, kama nina adabu au sina. Walichojua ni mahali nilipokuwa nimeweka mguu. Nilirudi kwenye gari nikiwa sijajisaidia, lakini nikiwa na wazo hilo, na nikaanza kulifikiria kupita kiasi, kama kawaida yangu.

Isongole tulifika mchana. Ni mpaka mdogo wa kuvukia kwenda Malawi: baiskeli nyingi, magunia ya maharage, lori moja moja. Ofisi yetu ilikuwa na chumba pale kilichofungwa tangu karani wake alipoondoka. Bosi alikuwa ameshawaomba makarani kadhaa waende, kila mmoja akapata sababu. Mimi mwenyewe nilikuwa nimempa yangu, kwamba kifua changu hakipendi baridi. Tulikula ugali na samaki, tukapita Itumba, tukaanza kupanda.

Kijijini Mbebe tulilala nyumbani kwa Mama Lusajo, mama mmoja mjane ambaye Baba Zaina hununua maharage kwake. Alitupokea vizuri, akatupa maji ya moto ya kuoga, maana baridi ya huko si ya mchezo. Kabla ya kuingia ndani alichukua soksi mbili za watoto wake, akazivisha vioo vya pembeni vya pikapu, kimoja kimoja, kama anayevisha mtoto.

"Unatuzuia tusikimbie?" Baba Zaina alimuuliza.

"Mtaona wenyewe mkitaka," alisema. "Asubuhi vua moja utazame."

Asubuhi nilivua moja. Punde akaja kindege mweusi na mweupe, wa wale wanaotembea uani wakitikisa mkia. Alitua juu ya kioo, akainama, akamwona ndege mwingine aliyekuwa akimtazama. Alivimba. Akampiga kwa mdomo, na yule wa ndani akapiga wakati huohuo. Aliruka, akashuka mbele ya kioo akipapatika, akagonga tena na tena. Kila alipoongeza hasira, mwenzake naye aliongeza. Kioo kiliingia madoa.

"Ukimwacha hapo hali wala hanywi," alisema Mama Lusajo. "Mwaka jana alikuja mtu wa maharage, gari lake tukasahau kulifunika. Huyu au baba yake, alipigana mpaka akaanguka. Mvalishe, baba, mvalishe."

Nilirudisha soksi. Kindege alibaki juu ya kioo, akatazama huku, akatazama kule, kisha akashuka uani kutafuta wadudu. Baba Zaina alicheka sana. Mimi nilicheka kidogo. Nilikuwa nimehesabu akilini watu wote waliokuwa wakinichukia pale Ikinga, watu ambao sikuwa nimewahi kuwaona hata sura, na majibu makali ambayo kila mmoja wao alikuwa ameshanipa kichwani mwangu njiani. Niliona haya, lakini sikumwambia mtu.

Ikinga tulifika jua likiwa juu. Nyumba yao iko mtelemkoni, mbele kuna safu ya migomba, nyuma kuna kahawa kidogo na mparachichi mkubwa. Atupele alikuwa amenieleza kwamba kwao wageni wa posa hawavuki migomba mpaka waitwe. Tulisimama. Ndani watu walituona, tukasikia vicheko vyao, lakini hakuna aliyetoka. Baba Zaina alisafisha koo.

"Hodi wenyewe!"

Akatoka mama mmoja mnene aliyejifunga khanga mbili, na wanawake wengine nyuma yake. Huyo alikuwa shangazi Sekela, dada wa marehemu baba yake Atupele.

"Mmepotea?" aliuliza kwa sauti ya kusikika bondeni. "Njia ya Malawi ni ile kule."

"Hatujapotea, mama. Tumesikia harufu ya mji mzuri, tukaifuata."

"Pua zenu ndefu. Na huyo mwembamba ni nani? Huko Tunduma mnakula karatasi?"

Wanawake walicheka. "Huyo ana suruali ya kanisani na viatu vya vumbi," alisema mmoja. "Amekuja kuzika au kuoa?"

"Anaweza hata kubeba debe la maji huyo?" akadakia mwingine. "Mtu wa kubebwa huyu!"

Baba Zaina alikuwa akijibu kila moja, anafurahia kama mtu aliyekaribishwa chakula. Lakini mimi nilikuwa nimeacha kusikia maneno. Nilisikia ukali tu. Nikawaza kwamba hawanitaki, na kwamba ni lazima wajue nia yangu sasa hivi kabla mambo hayajaharibika. Nikavuka migomba, hatua mbili nzima, nikasema kwa sauti: "Shikamooni. Mimi ni Elia. Nampenda Atupele na nimekuja kwa heri."

Kuku peke yao ndio waliendelea na shughuli zao.

"Nani kamfungua huyu?" aliuliza shangazi Sekela.

Sijawahi kusikia watu wakicheka vile. Mama mmoja alikaa chini kabisa. Baba Zaina alifunika uso kwa kofia yake. Kati ya wanawake, shangazi peke yake hakucheka. Alinyoosha mkono kuelekea tulikotoka.

"Rudini mpaka barabarani. Mje upya."

Tulirudi. Nilimwambia Baba Zaina kwamba tumefukuzwa, tuwashe gari, tukiwahi tutalala Itumba.

"Elia," alisema, "wewe hesabu ulisomea wapi? Mtu akitaka kukufukuza atakwambia uje upya?"

Tulikuja upya. Safari hii nilisimama nyuma ya migomba nimefunga mdomo, wakaniita majina yote waliyotaka, na katikati ya matusi hayo nilianza kuona kwamba shangazi, kila alipomaliza kutusema, alikuwa akimtazama Baba Zaina kungoja jibu, na jibu likiwa tamu macho yake yalicheka. Hatimaye alisema, "Basi, ingieni, jua litawakausha bure." Tukaketi. Uji ukaja.

Lakini pale uani kulikuwa na mtu mmoja ambaye hakuwa amecheka tangu mwanzo. Alikuwa ameketi pembeni akichonga mpini wa jembe. Ndiye Ambokile, kaka yake Atupele, mkubwa wangu kidogo tu kwa umri. Wakubwa walipoanza mazungumzo yao, alinyanyuka akaniashiria nimfuate nyuma ya nyumba, penye kahawa.

"Mimi si shangazi," alisema. "Mimi sina mchezo. Utampeleka wapi dada yangu?"

"Dar es Salaam. Kuna kazi."

"Basi nimekataa."

"Kaka, labda nikueleze kidogo..."

"Nimekataa! Hata wakikubali wote mle ndani, mimi nimekataa! Msomi, chukua mzee wako mwende!"

Huu haukuwa ukali wa uani. Alinionyesha njia kwa kisu alichokuwa akichongea mpini. Nilitaka kuomba radhi, ingawa sikujua kwa kosa gani, na nilikuwa nimeshageuka nusu kuondoka. Ndipo juu ya mparachichi kukasikika kelele. Mlamba, yule ndege mweusi mwenye mkia uliogawanyika, alikuwa amemrukia mwewe mgongoni. Mwewe alikuwa mkubwa kumzidi mara kadhaa, lakini mlamba alimdonoa kisogoni, akamsukuma juu ya bonde mpaka kwenye miti ya jirani, kisha akamwachia akarudi.

Tulitazama wote wawili, ilikuwa vigumu kutotazama.

"Mbona hamfukuzi mpaka mbali?" niliuliza, kwa kutafuta la kusema.

"Mbali akafanye nini?" alisema Ambokile kwa hasira ileile. "Kiota kiko huku."

Niliyakumbuka mayai ya kule njiani Mpemba, na jinsi kelele zilivyokuwa zikizidi kadiri nilivyoyakaribia. Nilijiuliza ni wakati gani huyu mtu alipandisha sauti. Hakupandisha niliposema nimekuja kuoa. Alichonga mpini wake tu. Alipandisha niliposema Dar es Salaam. Nikatazama nyumba. Kupitia dirisha la nyuma niliona mtu amelala kitandani. Niliona khanga tu, na mkono uliovuta khanga ile kufunika uso nilipogeuka. Kwao, mama mkwe na mkwe wa kiume hawatazamani.

"Mama anaumwa nini?" niliuliza.

Ambokile alikaa chini palepale kwenye majani ya kahawa.

"Miguu. Na sasa hata mikono. Kila mwezi ashushwe Itumba hospitalini. Kumbeba mimi nitambeba, mgongo ninao. Lakini kuogeshwa?" Aliangalia kisu chake. "Mimi ni mwanaume. Siwezi kumwogesha mama. Shangazi ana nyumba yake, mbali. Atupele akienda huko kwenu baharini, nani atamwogesha? Niambie wewe uliyesoma. Nani?"

Nilimwambia kwamba sijui, na kwamba nitafikiri. "Fikiri," alisema, "lakini usinidanganye."

Ikinga tuliondoka siku iliyofuata bila kukataliwa wala kukubaliwa. Shangazi Sekela alisema watatuma jibu. Atupele alitusindikiza mpaka kwenye migomba. Nilimuuliza kwa nini hakuniambia habari ya kaka yake.

"Ningekuambia, ungekuja?" aliuliza. Kisha akaongeza kwa sauti ya chini, "Elia, mimi nakutaka. Ila mama siwezi kumwacha alale na jasho lake. Usiniulize nichague."

Njiani kurudi Baba Zaina alisinzia kila tuliposimama, nami nilipata nafasi ya kufikiri bila kuulizwa. Nilikuwa nimepigiwa kelele tangu Tunduma na nilikuwa nimezichukua zote kama hukumu juu yangu. Sasa niliona kwamba zilikuwa aina mbalimbali. Nyingine ni za kupima kama mgeni atasimama. Nyingine ni za kioo, tunapigana na sura tuliyoiweka wenyewe. Na zipo zile kali kuliko zote, ambazo mtu huzitoa kwa sababu umesogelea kitu asichoweza kukipoteza. Hizo mtu akizikimbia, hatajua kamwe alikuwa karibu na nini. Hazimtaki mgeni afe wala aende mwisho wa dunia. Zinamtaka aangalie anapokanyaga.

Tulipofika Isongole nilimwomba Baba Zaina asimamishe gari. Nilikwenda mpaka kwenye kile chumba cha ofisi, nikachungulia dirishani. Meza, kiti, kalenda iliyokufa. Nilisimama pale kwa muda nikitafuta sababu ya kuogopa, nikapata nyingi, kwa kuwa kutafuta hofu ni kazi ninayoiweza. Bosi ataniona mjinga. Wenzangu watasema nimekimbia Dar kwa sababu ya mwanamke. Mshahara utabaki ule ule. Zote zilikuwa za kweli. Niliporudi kwenye gari bado nilikuwa naogopa, lakini nilikuwa nimekwisha kuamua.

Tunduma nilikwenda ofisini asubuhi kabla sijanywa chai, nisije nikaanza kufikiri. Nilimwambia bosi kwamba Dar ampe mwingine, mimi anipe Isongole.

"Si ulisema una kifua?" aliuliza.

"Nitavaa sweta," nilisema.

Wiki iliyofuata nilipanda lori la saruji pamoja na godoro langu na jiko la mafuta ya taa. Nilituma salamu Ikinga kwa mnunuzi mmoja wa maharage aliyekuwa akipanda huko: nimehamia Isongole, hospitali ni karibu, nataka kumwoa Atupele, na mama aje naye. Sikusema zaidi ya hapo.

Ambokile alishuka mwenyewe siku ya gulio. Hakuja ofisini, alikuja moja kwa moja nilikopanga, akasimama nje na mkungu wa ndizi begani. Nilimkaribisha, hakuingia. Aliizunguka nyumba yote kwanza, akagusa ukuta, akatazama choo kilipo na bomba lilipo.

"Vyumba viwili," alisema.

"Viwili."

"Na mlango mmoja. Mkwe na mkwewe watapishana hapo kila siku? Mama hatakubali. Atakufa kwa aibu kabla ya ugonjwa."

Nilimchukua nikampeleka upande wa nyuma. Fundi alikuwa ameshabomoa tofali za ukuta wa chumba cha pili na kuweka fremu mpya. Mbao zake zilikuwa bado zinanuka. Mlango ule ulifungukia bombani, mbali na wangu, na kati ya uani kwangu na uani kwa mama nilikuwa nimesimamisha uzio wa matete.

Ambokile aliufungua mlango, akaufunga. Akaufungua tena. Akauweka mkungu wa ndizi ndani ya kile chumba, sakafuni, taratibu.

"Mwambie Baba Zaina jibu ni ndiyo. Kesho kutwa nitamleta mama na Atupele," alisema. "Tafuta godoro laini."

Nilitoka saa ileile kwenda gulioni kulitafuta.